Kuchagua raketi ya kudhibiti mpira katika hewa nyepesi ya Lubumbashi

Mwaka jana, mwezi wa kumi, katika lile joto linalotangulia mvua za kwanza, nilipoteza mechi ambayo nilikuwa naongoza kwa seti moja na michezo minne kwa miwili. Sehemu kubwa ya pointi nilizopoteza mwishoni zilitokana na mipira iliyoanguka nje ya mstari wa nyuma kwa kipimo cha kiganja kimoja tu. Miguu ilikuwa imefika kwa wakati, bega lilikuwa limegeuka, na mpira ulikuwa umegongwa katikati kabisa ya nyuzi. Hata hivyo ulipaa ukapita. Tulipokuwa tunavua viatu, mzee mmoja ambaye amenijua tangu nilipokuwa mtoto mwokota mipira kwenye kiwanja kilekile aliniambia: "Mwanangu, mkono wako hauna kosa. Hiyo raketi inaongeza maneno ambayo wewe hukuyasema." Nikamwuliza, "Sasa nifanye nini, Baba?" Akanijibu kwamba nitafute raketi inayofikisha ujumbe kama ulivyotumwa.

Tangu siku hiyo nimeazima raketi za watu, nimezipima kwa mizani, nimefunga nyuzi na kuzikata kabla hazijachakaa, na nimeandika katika daftari kila nilichokiona. Nayaandika haya kwa ajili ya mchezaji wa hapa Lubumbashi ambaye amecheza miaka mingi, ambaye pigo lake limeshakamilika, na ambaye hatafuti tena chombo cha kumsaidia kuvusha mpira juu ya wavu. Anayeanza mwaka huu asinifuate. Kwake raketi nyepesi yenye kichwa kikubwa, yaani ile sehemu yenye nyuzi, ni rafiki mwema, na hapaswi kuona haya kuitumia.

Tofauti iko hapa. Raketi ya nguvu ina fremu nene na ngumu, haijipindi sana mpira unapogonga, na kwa hiyo inaurudishia mpira sehemu kubwa ya nguvu yake. Anayeanza, ambaye mkono wake bado ni mfupi na wa taratibu, anaihitaji zawadi hiyo. Lakini aliyekomaa anakuja na mwendo wake mwenyewe, mkono mrefu unaotoka nyuma na kumalizikia juu ya bega, na zawadi inapoongezwa juu ya mwendo huo mpira hautulii tena ndani ya kiwanja. Baya zaidi ni lile linalofuata: akishatoa mipira mitatu nje, hofu inaingia, naye anaanza kulifupisha pigo, kuuzuia mkono njiani, kuusukuma mpira badala ya kuupiga. Nimeliona jambo hilo kwa wenzangu na kwangu mimi. Kwa hiyo ninaposema raketi ya udhibiti, namaanisha raketi inayokuruhusu kupiga kwa mkono mzima bila woga, hata mambo yakiwa magumu katika seti ya tatu.

Na sisi wa huku tuna sababu moja zaidi ya kulijali jambo hili, nayo ni hewa. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 11, na hewa ndiyo inayoupunguza mpira kasi njiani. Pigo lilelile, kwa mkono uleule, litaenda mbali zaidi hapa kuliko Matadi au Dar es Salaam. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinalitambua hilo, maana zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na sisi tumekaa karibu kabisa na mstari huo. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wameupita kwa mbali, kwa kuwa hata uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460.

Mipira tunayoipata kwa kawaida ni ile ya makopo, iliyotiwa hewa ya kushindiliwa kwa ajili ya miji ya chini. Ukilifungua kopo hapa, shinikizo la nje ni dogo kuliko lile lililokusudiwa, hivyo mpira unakuwa na ukali kupita kiasi na unaruka juu zaidi ukidunda. Watu wengi hudhani kwamba dawa yake ni kuuzungusha mpira kwa nguvu ili uanguke mapema. Kuzungusha kunasaidia, sikatai, lakini hewa nyepesi inapunguza pia uwezo wa mpira unaozunguka kujipinda kuelekea chini, kwa sababu ni hewa hiyohiyo inayoupindisha. Ndiyo maana mchezaji anayetoka pwani akiwa na mpira wake mzuri wa kuzungusha hushangaa siku za kwanza hapa kwetu. Kama anga la mji limeshatupa kasi ya bure, sioni kwa nini tuinunue tena kwa dola kwenye fremu.

Basi nianze na uzito, ambao kwa maoni yangu ndiyo namba ya kwanza kuangalia, kabla ya rangi na kabla ya jina la bingwa. Raketi nzito kiasi haitikisiki inapokutana na mpira wenye kasi; inapita katikati ya mpira, uso wake haugeuki mkononi, na mpira unaenda ulikoelekezwa. Raketi nyepesi husukumwa nyuma na mpira wa mpinzani, na pale uso unapogeuka kidogo tu, mpira unahama mita nzima upande wa pili. Hivyo mtu anaweza kudhani kwamba kadiri raketi inavyozidi uzito ndivyo udhibiti unavyozidi. Mimi nilidhani hivyo, na nililipa.

Nilivutwa na Roger Federer, yule bingwa wa Uswisi. Mwaka 2014 aliiacha raketi yake yenye kichwa cha inchi za mraba 90 akahamia ya inchi 97, na kampuni ya Wilson ikatoa toleo lililobeba jina lake, Pro Staff RF97 Autograph, lenye gramu 340 kabla ya kufungwa nyuzi. Niliinunua iliyokwisha kutumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Katika seti ya kwanza sikuwahi kupiga mpira mzuri namna ile maishani mwangu; volei, yaani mipira ya kupiga kabla haijadunda, zilikaa, na pigo la kukata lilitambaa chini kama nyoka. Katika seti ya pili nilianza kuchelewa kwenye pigo la mbele. Katika ya tatu mkono ulikuwa umechoka kiasi kwamba mpira ulinifikia kabla raketi haijafika, na udhibiti wote niliokuwa nimeununua ukawa haupo. Nilicheza nayo miezi minne kabla ya kukubali kwamba raketi inayofaa ni ile nzito kuliko zote ambayo bado ninaweza kuirusha kwa wakati mwishoni mwa mechi ndefu, na kwamba mwishoni ndiko kwa kuipimia. Kwa mwanamume mwenye afya anayecheza mara mbili au tatu kwa wiki, kiasi hicho mara nyingi huangukia kati ya gramu 300 na 320 bila nyuzi. Dada mmoja tunayecheza naye, ambaye ana mkono safi kuliko wengi wetu, anatumia ya gramu 295, na hakuna anayemwambia kwamba hana udhibiti.

Gramu peke yake, hata hivyo, hazisemi yote. Chukua jembe: ukilinyanyua kwa kulishika karibu na chuma ni jepesi, ukilishika mwishoni mwa mpini ni zito, na jembe ni lilelile. Raketi ndivyo ilivyo. Uzito ukiwa umekaa upande wa mshikio, raketi inageuka upesi mkononi. Ukiwa kichwani, inakuwa nzito kuirusha hata kama mizani inaonyesha gramu chache. Raketi za udhibiti karibu zote zina uzito upande wa mshikio. Unaweza kuthibitisha nyumbani bila chombo chochote cha gharama: raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.5, kwa hiyo katikati yake ni sentimita 34.25, ilaze juu ya ukingo wa rula mpaka isimame bila kuinama, kisha pima kutoka mwisho wa mshikio. Ikiwa na nyuzi na ikisimama kwenye sentimita 32 au 33, uzito uko upande wa mkono wako. Ikisimama kwenye 35, iache hapo ulipoikuta.

Na nunua mizani ndogo ya jikoni. Raketi mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, huweza kutofautiana kwa gramu kadhaa, na mchezaji aliyekomaa huzisikia. Ukipata mbili zisizolingana, utepe mwembamba wa madini ya risasi unaobandikwa kwenye fremu unaweza kuzisawazisha. Anza na gramu mbili tu, maana kichwani gramu chache hubadilisha mengi.

Baada ya uzito naangalia fremu yenyewe. Unene wake, ukiutazama kwa ubavu, katika raketi za udhibiti huwa kati ya milimita 20 na 23, na mara nyingi ni ulewule kuanzia kooni, juu kidogo ya mshikio, mpaka kichwani. Za nguvu hufika milimita 26 na huvimba katikati. Fremu nyembamba hujipinda kidogo mpira unapogonga, na katika kujipinda huko nguvu fulani hupotea. Ni hasara tunayoitafuta. Ugumu wa fremu hupimwa kwa namba ambayo wauzaji wazuri huiandika: chini ya 62 au 63 ni fremu laini, na juu ya 68 ni ngumu. Mwenye historia ya maumivu ya kiwiko asipuuze namba hii hata kidogo. Nina rafiki aliyeacha tenisi kwa karibu mwaka mzima kwa sababu alichanganya fremu ngumu na nyuzi ngumu, na mkono wake ulifikia hali ya kushindwa kuinua sufuria.

Ukubwa wa kichwa hauna siri kubwa. Inchi za mraba 95 mpaka 98, yaani sentimita za mraba 613 mpaka 632, zinatosha. Pete Sampras alichukua mataji yake 14 makubwa kwa raketi ya inchi 85, lakini hakuna sababu ya mtu anayefanya kazi siku nzima na kufika kiwanjani saa kumi na moja jioni kujitwika mtihani huo.

Mpangilio wa nyuzi ni jambo la kufikiria zaidi. Raketi yenye nyuzi 18 za kusimama na 20 za kulala ina matundu madogo. Mpira hauzami sana, unatoka chini na kwa pembe inayotabirika. Yenye 16 kwa 19 ina matundu makubwa, inaushika mpira na kuuzungusha, na mpira unatoka juu zaidi. Hapa washauri wengi watakuambia kwamba mtu wa udhibiti achague 18 kwa 20 bila kujiuliza. Mimi naona inategemea njia ya mpira wako. Anayepiga mpira bapa, anayepanda wavuni na kukata pigo la nyuma, 18 kwa 20 itamkaa mkononi kama desturi. Anayecheza kutoka mstari wa nyuma na kuupandisha mpira juu ya wavu kwa mzunguko anaweza kubaki na 16 kwa 19, mradi aizuie kwa nyuzi zinazofaa. Nimejaribu Wilson Blade 98 za aina zote mbili, ambazo zina gramu 305 kila moja, na katika hewa yetu ile ya 18 kwa 20 ilinipa kina kilekile mpira baada ya mpira. Lakini servisi yangu ya pili, ambayo inategemea mzunguko, ilidhoofika mpaka wapinzani wakaanza kuisogelea. Nikarudi kwenye 16 kwa 19.

Nyuzi zenyewe ndizo zilizonifundisha zaidi, na ningependa kila mtu azibadilishe kabla ya kubadilisha raketi. Raketi mpya ya daraja hili inauzwa kati ya dola 200 na 300, bila kuhesabu anayekuletea. Nyuzi ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Nyuzi za polyesta zilianza kujulikana sana baada ya Gustavo Kuerten kushinda Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1997 akitumia za kampuni ya Luxilon. Hazina ulaini wa nailoni, hazirushi mpira, na mpigaji mwenye mkono wa kasi anaweza kupiga kwa nguvu zote akabaki ndani. Ubaya wake ni mbili. Zinauma mkono, na zinakufa kabla ya kukatika: baada ya saa kumi na tano au ishirini za mchezo zimeshalegea, mpira unaanza kuruka ovyo, na mchezaji anaanza kutilia shaka mkono wake mwenyewe wakati nyuzi ziko nzima machoni. Kwetu, ambako mashine za kufungia nyuzi hazipatikani kila kona, watu huzicheza mpaka zikatike. Nafikiri mipira mingi iliyotoka nje mwaka jana ilitoka kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote.

Anayeumwa mkono aweke polyesta zinazosimama na nailoni ya nyuzinyuzi nyingi zinazolala. Nyuzi za utumbo wa ng'ombe ni tamu sana, na kampuni ya Babolat ilianza kutengeneza nyuzi za utumbo tangu 1875, lakini ni ghali na hazipendi unyevu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, mvua zetu zingezimaliza.

Kuhusu mkazo, kila raketi ina kiwango kilichoandikwa kwenye fremu. Ukikaza zaidi mpira unapungua urefu, ukilegeza unaongezeka. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya Lubumbashi inatufanya tuingie kiwanjani na sweta, mpira ni mzito na nyuzi zimekakamaa, kwa hiyo nafunga kilo 23. Mwezi wa tisa ukifika na joto kuanza kupanda, napanda mpaka 24. Kilo moja inaonekana ndogo, ila ni tofauti ya mpira unaogusa mstari na mpira unaoupita kwa kiganja kile nilichokitaja mwanzoni.

Mshikio usikuchukulie muda: ukiushika, kidole kimoja cha mkono mwingine kiingie kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikikosa nafasi, mshikio ni mwembamba, utaukaba kwa nguvu bila kujua, na kiwiko kitalalamika.

Kuhusu kujaribu, nina ombi moja. Usiijaribu raketi kwa mipira mikuukuu ya mazoezi kisha ukaihukumu. Mipira iliyochoka, ambayo wengi wetu tunaitumia wiki nzima, haina uhai, nayo itakufanya uione raketi ya udhibiti kuwa imekufa na ya nguvu kuwa nzuri. Fungua kopo jipya, cheza seti mbili kamili na mtu anayekusukuma, kisha piga servisi ishirini ukiwa umechoka. Angalia mipira ilipoanguka, wala usijali ilivyosikika. Katika daftari langu nilikuwa naweka alama mbili tu: iliyoanguka nyuma ya mstari wa servisi na kubaki ndani, na iliyotoka. Nilijaribu hivyo Dunlop CX 200, Yonex Percept 97, Babolat Pure Strike 98 na zile Blade mbili, na sikuona iliyokuwa mbaya. Tofauti zao ni za ladha kuliko za ubora. Ile Dunlop, yenye gramu 305 na kichwa cha inchi 98, ndiyo iliyonipa alama nyingi za ndani.

Usisahau pia kwamba raketi unayoiona mkononi mwa bingwa kwenye televisheni mara nyingi siyo ile iliyoko dukani, hata kama rangi zinafanana; wengi wao hutengenezewa fremu za zamani walizozizoea, zikapakwa rangi ya toleo jipya. Basi kumfuata bingwa kwa rangi ni kuishia kwenye rangi tu.

Kwa ununuzi, tunategemea wasafiri wa Johannesburg, Lusaka au Bruxelles, na wakati mwingine sokoni kunajitokeza raketi yenye jina kubwa kwa bei ndogo mno. Itazame kooni: ya grafiti ni kipande kimoja kisicho na kiungo, ilhali ya alumini huwa na kipande cha plastiki kilichochomekwa pale pembe mbili zinapokutana. Kisha iweke kwenye mizani. Kama imeandikwa gramu 305 bila nyuzi, ikiwa na nyuzi haiwezi kuwa 270.

Wiki iliyopita nilimwandikia mdogo wangu aliyeko Johannesburg aniletee raketi ya pili inayolingana na ile ninayoichezea sasa: CX 200, mshikio wa ukubwa namba 3, bila nyuzi. Nimemwomba aende na mizani dukani, apime zote walizonazo, na achague iliyo karibu zaidi na gramu 307, kwa sababu ndivyo ya kwanza ilivyo.